Nani Analipwa Taa Zikizimika?

Asubuhi ya tarehe 4 Novemba 2009, kompyuta iliyokuwa ikiratibu taa za barabarani za Kaunti ya Montgomery, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, iliharibika. Taa zipatazo 750 ziliendelea kuwaka, nyekundu, njano na kijani, na dereva aliyesimama kwenye makutano mamoja tu asingeona dosari yoyote. Kilichokatika ni mawasiliano. Kompyuta hiyo, mtambo wa tangu miaka ya 1970, ndiyo iliyokuwa ikiziagiza taa kila asubuhi zibadili mpangilio, ziongeze muda wa kijani kwa wanaoelekea kazini na zipokezane magari kutoka makutano hadi makutano. Iliponyamaza, kila taa ikajiendea kivyake. Foleni zilidumu siku mbili, pembezoni mwa mji mkuu wa Marekani. Kaunti ilikuwa imeshaanza mpango wa kuubadilisha mtambo huo, lakini mtambo haukusubiri.

Katika miji ya Afrika Mashariki hitilafu huja kwa sura nyingine. Nguzo imesimama, vioo viko giza, na katikati ya makutano yupo trafiki mwenye sare nyeupe anayepunga mikono tangu alfajiri. Abiria wa daladala hana haja ya kuambiwa kwamba mfumo umekufa. Anachotaka kujua ni lini utarudi.

Jibu lake limeandikwa, au limeachwa bila kuandikwa, kwenye karatasi ambayo abiria huyo hataiona: mkataba wa huduma kati ya mwenye barabara na kampuni inayotunza mfumo. Ni nyaraka kavu, zenye viambatisho vingi, na waandishi wa habari huzipita wakikimbilia picha za uzinduzi. Hata hivyo humo ndimo hatima ya taa inapoamuliwa. Mikataba mingi ya aina hii hushindwa kwa sababu moja: hulipia kazi ya fundi, ilhali mji unahitaji kulipia makutano yanayofanya kazi. Tofauti hiyo imejificha katika jambo linaloonekana dogo, yaani namna saa zinavyohesabiwa na nani anazihesabu.

Chanzo cha tatizo kiko mbali na barabara, kwenye vitabu vya bajeti. Kufunga taa mpya ni mradi. Una mfadhili, una jiwe la msingi, na unaingia kwenye bajeti ya maendeleo. Kuzitunza ni matumizi ya kawaida, fungu ambalo hukatwa mapema mapato yanapopungua. Mkandarasi aliyezifunga hubaki na kipindi cha uangalizi, mara nyingi cha mwaka mmoja, ambamo hurekebisha kasoro za kazi yake kwa gharama yake mwenyewe. Kipindi kikiisha anaondoka na mafundi wake. Lile kabati la chuma lililo kando ya makutano, ambamo mna kompyuta ndogo inayozipa taa zamu, funguo zake zinabaki kwa ofisa asiye na fungu la vipuri. Kuanzia hapo kila kadi iliyoungua na kila kebo iliyokatika inahitaji barua ya maombi, bei kutoka kwa wauzaji watatu, kikao cha manunuzi na idhini. Kifaa cha bei ndogo kinaweza kuzima makutano makubwa kwa wiki nyingi bila mtu yeyote kuvunja utaratibu.

Mkataba wa huduma ulibuniwa kuukata mlolongo huo. Mji unalipa kiasi kinachojulikana kila mwezi, kampuni inabeba vipuri, mafundi na zamu za usiku, na malipo hupunguzwa mfumo usipopatikana kwa kiwango kilichokubaliwa. Ndivyo ilivyo kwenye karatasi.

Asilimia za upatikanaji hulaghai macho. Asilimia 99 inasikika kama ubora wa hali ya juu. Kwa mwaka mzima ni ruhusa ya kuzimika saa 87 na dakika 36, zaidi ya siku tatu na nusu. Asilimia 99.9 ni takribani saa 8 na dakika 46. Asilimia 99.99 ni chini ya saa moja. Kila tisa inayoongezwa hupandisha bei, kwa sababu inadai betri, njia ya pili ya mawasiliano, stoo ya vipuri iliyo karibu na fundi wa kuamshwa saa 9:00 usiku.

Jambo la pili ni kwamba makutano ya kisasa hutegemea vitu vingi kwa pamoja: umeme, kabati, vitambuzi vya magari, mawasiliano, na kompyuta ya kituo kikuu. Kila kimoja kati ya hivi vitano kikiwa na upatikanaji wa asilimia 99, na kimoja kikianguka kikaangusha vyote, mfumo mzima unabaki na asilimia 95 hivi. Hizo ni siku 18 kwa mwaka. Mji uliogawa kazi kwa kampuni tano, kila moja na mkataba wake, unaweza kupokea ripoti tano safi za mwezi kutoka kwenye makutano ambayo hayakufanya kazi.

Kisha kuna wastani, na hapa ndipo mji usiokuwa makini hupoteza zaidi. Chukua mji wenye makutano 100 ya taa na mkataba unaodai upatikanaji wa asilimia 99 kwa mwezi, ukipimwa kwa jumla. Makutano 99 yakifanya kazi bila dosari na mamoja yakazimika siku zote 30, kampuni imetimiza mkataba. Inalipwa kikamilifu. Na kama hayo mamoja ndiyo yanayopitisha mabasi yote yanayoingia katikati ya mji, takwimu haitasema lolote. Mkataba mzuri huweka kiwango kwa kila makutano peke yake, hutenga makutano makuu katika daraja lake, na huifanya saa moja ya asubuhi yenye foleni kuwa na uzito kuliko saa moja ya usiku wa manane.

Saa nazo zina hila yake. Kifungu cha kawaida husema hitilafu kubwa itarekebishwa ndani ya saa nne za kazi. Hitilafu ikiripotiwa Ijumaa saa 10:30 jioni, na ofisi ikifungwa saa 11:00, kampuni imetumia nusu saa. Hesabu inaendelea Jumatatu saa 2:00 asubuhi, na muda unakwisha saa 5:30. Kwa mkataba, zimepita saa nne. Kwa mji, zimepita saa 67, zikiwemo foleni za Ijumaa jioni na za Jumatatu asubuhi. Vilevile mikataba mingine huahidi muda wa kufika bila kuahidi muda wa kurejesha huduma. Fundi anafika, anafungua kabati, anapiga picha, anaandika kwamba kipuri kimeagizwa, anaondoka. Amewahi.

Hili la vipuri lina hesabu inayostahili kukaa mezani kwa kila mhandisi wa jiji. Taa inayoharibika mara moja kila siku 90 na kurekebishwa ndani ya saa mbili ina upatikanaji wa asilimia 99.9. Taa hiyohiyo, ikiharibika kwa kadiri ileile lakini ikasubiri siku tatu, inashuka chini ya asilimia 97. Kifaa hakikubadilika. Kilichobadilika ni umbali wa stoo, pikipiki ya fundi na idadi ya saini. Miji yenye bajeti ndogo hushawishiwa kununua vifaa vya gharama kubwa kwa matumaini kwamba havitaharibika, wakati fedha hizohizo zingenunua vifaa vya kawaida pamoja na akiba ya vipuri vya kutosha miaka kadhaa.

Sehemu inayohitaji kusomwa polepole kuliko zote ni ile ya misamaha, yaani orodha ya matukio ambayo kampuni haitawajibika kwayo. Kwa kawaida humo mna kukatika kwa umeme, wizi, uharibifu wa makusudi, ajali, mafuriko na kazi za barabara za watu wengine. Ukitazama sababu zinazozima taa katika mji wowote wa Afrika, orodha hiyo inabeba karibu kila kitu. Kinachobaki ni balbu kuungua.

Johannesburg ilionja hayo mwanzoni mwa 2011. Mamlaka ya barabara ya jiji hilo ilikuwa imeweka laini za simu ndani ya mamia ya taa ili taa yenyewe itume taarifa pindi inapoharibika. Lilikuwa wazo zuri: hitilafu ijulikane kituoni kabla dereva hajapiga simu kulalamika. Wezi wakagundua kwamba laini hizo zinaweza kupiga simu yoyote kwa gharama ya jiji. Taa zipatazo 400 zilivunjwa na kuharibiwa, baadhi zikarekebishwa na kuvunjwa tena, na bili za maongezi zikaenda kwa mamlaka. Kwa kuwa wezi walizilenga taa zenye laini tu, mamlaka ililazimika kuchunguza kama habari ilivuja kutoka ndani.

Laini ya simu inaweza kufungwa isipige popote isipokuwa kituo kikuu. Ni kazi ya dakika chache na haigharimu kitu. Lakini kampuni iliyosamehewa wizi haina sababu ya kuwaza hilo mapema, kwa sababu hasara si yake. Kanuni ambayo wanasheria wa mikataba wameirudia miaka mingi ni kumwachia hatari yule anayeweza kuipunguza. Mvua kubwa haipunguzwi na mtu. Kufuli la kabati, kina cha kebo ardhini na mpangilio wa laini ya simu vinaweza kupunguza wizi, na vyote viko mikononi mwa mkandarasi. Msamaha wa jumla wa wizi unamlipa asifikiri.

Umeme nao ni vivyo hivyo. Zamani balbu moja ya taa ya barabarani ilikula wati 100 au zaidi, na kuweka betri ya kuendesha makutano mazima ilikuwa anasa. Taa za LED hula wati 10 hadi 15 hivi, kwa hiyo betri ya kuvusha makutano saa kadhaa za giza, au paneli za jua, ni jambo la bei ya kawaida. Kinshasa ilionyesha hilo kwa namna yake tangu 2013, pale mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walipoanza kusimamisha kwenye makutano roboti kubwa zenye umbo la binadamu, zinazoongoza magari kwa mikono na taa na kuendeshwa kwa nguvu ya jua. Baadaye zikafika Lubumbashi pia. Mtu anaweza kubishana kuhusu umbo lake, lakini uamuzi wa kuziunda palepale nchini na kuziondolea utegemezi wa gridi uligusa sababu mbili kubwa za taa kuzimika: umeme usioaminika na vipuri vinavyosafiri kutoka ng'ambo. Mkataba wa huduma unaoandikwa leo hauna haja ya kusamehe kila katizo la umeme. Unaweza kusamehe katizo linalozidi saa nne au sita, na kumtaka mkandarasi atunze betri za kuvuka zile za mwanzo.

Kuna hitilafu isiyoonekana kabisa, na pengine ndiyo inayoipotezea miji muda mwingi kuliko zote. Taa nyingi huhisi magari kwa waya uliochimbiwa kwenye lami, sentimita chache chini ya uso wa barabara, ukiwa umezungushwa mstatili nyuma ya mstari wa kusimama. Gari la chuma likipita juu yake, sumaku ya waya hubadilika na kabati hujua kuna anayesubiri. Kisha inakuja kampuni ya kukwangua na kutandika lami mpya, au ya maji, au ya kebo za intaneti. Msumeno unapita, waya unakatika. Taa haizimiki. Kabati, likiwa limepofuka, linarudia mpangilio wa muda maalumu uliowekwa siku ya kwanza: sekunde 60 huku, sekunde 40 kule, iwe kuna magari au hakuna. Dereva anasimama mbele ya taa nyekundu usiku wa manane katika barabara tupu na kudhani taa ndivyo zilivyo. Hakuna anayeripoti. Kwa mkataba unaopima kama taa inawaka, makutano hayo yana asilimia 100.

Kwa hiyo tafsiri ya kupatikana lazima iwe na madaraja. Taa zilizozimika ni daraja moja. Taa zinazowaka njano ya kumulika, baada ya kifaa cha usalama ndani ya kabati kugundua kwamba pande mbili zinazokinzana zingepewa kijani kwa pamoja, ni daraja jingine: mfumo umejiokoa, lakini hauongozi magari. Taa zinazowaka bila kuona ni la tatu. Taa zinazoona lakini zimepoteza mawasiliano na kituo, kama zile za Montgomery, ni la nne. Kila daraja linastahili muda wake wa kurejeshwa na makato yake.

Mahali ambapo suala hili limekuwa la uhai na kifo ni Uingereza. Mwaka 2006, kwenye barabara kuu ya M42 karibu na Birmingham, mamlaka ilianza kuruhusu magari yatumie bega la barabara, ile njia ya pembeni ya dharura, nyakati za msongamano, chini ya uangalizi wa kamera na mabango ya elektroniki. Mradi ulionekana kufaulu. Kuanzia 2014, katika sehemu za M25 inayoizunguka London na kisha kwingineko, bega likageuzwa moja kwa moja kuwa njia ya kawaida ya magari. Gari likiharibika na kushindwa kufika kwenye maegesho ya dharura, linasimama katikati ya magari yanayokwenda kilomita 112 kwa saa. Kinachomlinda aliyemo ni mfumo: rada ilione gari, mwendeshaji katika kituo aarifiwe, na alama nyekundu ya msalaba iwake juu ya njia ile kuifunga.

Bega la lami halihitaji mkataba wa huduma. Rada inauhitaji, saa 24, kila siku.

Kiwango kilichowekwa kwa mfumo huo wa kugundua magari yaliyosimama kilikuwa kugundua angalau asilimia 80 ya magari hayo, ndani ya sekunde 20, huku tahadhari za uongo zisizidi asilimia 15. Namba hizi zinahitaji kutazamwa mara mbili. Mfumo ukitimiza kiwango chake kikamilifu, gari moja kati ya matano yaliyokwama linaweza kutoonekana na rada, na kutegemea kamera, simu ya dereva au bahati. Mwezi Desemba 2022 msimamizi wa kitaifa wa reli na barabara, ORR, alichapisha ripoti iliyosema kwamba mfumo haukuwa unafikia viwango hivyo, na kampuni ya umma inayosimamia barabara hizo, National Highways, ikalazimika kufanya marekebisho. Mwezi Aprili 2024 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha, kwa takwimu zilizopatikana kwa sheria ya haki ya habari, kwamba kati ya Juni 2022 na Februari 2024 teknolojia katika sehemu za barabara hizo ilikosa nguvu karibu mara 400, nyingine kwa siku kadhaa mfululizo.

Haki inataka isemwe pia kwamba tathmini ya serikali ya Uingereza ya mwaka 2020 iliona barabara hizo, kwa vigezo vingi, zina usalama sawa na za kawaida au zaidi. Tathmini hiyohiyo ilikiri kwamba hatari ya gari linalokwenda kugonga gari lililosimama ni kubwa zaidi pasipo bega. Serikali ya Rishi Sunak ilifuta ujenzi wa barabara mpya za aina hiyo mwezi Aprili 2023, ikitaja gharama na ukosefu wa imani ya wananchi. Zilizokwisha kujengwa zinaendelea kutumika, na mikataba yake ya matengenezo ndiyo iliyobaki kuwa bega lake.

Lililo jema katika mkasa huo ni kwamba umejulikana. Waingereza walikuwa na msimamizi asiye mnunuzi wala muuzaji, mwenye nguvu ya kisheria ya kudai takwimu na kuzichapisha. Katika miji mingi mhesabuji wa saa za kuzimika ni kampuni ileile inayokatwa malipo kwa sababu ya saa hizo. Kabati la kisasa huandika lenyewe, sekunde kwa sekunde, lini lilizimika na lini lilirudi. Kumbukumbu hizo zikikaa kwenye kompyuta ya mkandarasi peke yake, mji unalipa kwa kuamini. Zikimiminika moja kwa moja kwa mhandisi wa jiji, na muhtasari wake ukabandikwa kila mwezi mahali ambapo diwani na mwandishi wa habari wanaweza kuusoma, nusu ya ubishi unaisha.

Umiliki wa kumbukumbu unakwenda sambamba na umiliki wa nywila. Agosti 2006, wakati wa mgogoro wa kazi kati ya wahandisi na jiji la Los Angeles, wahandisi wawili waliingia kwenye kompyuta ya trafiki na kuvuruga taa za makutano manne muhimu. Ilichukua siku nne kuurudisha mfumo katika hali yake, na baadaye wote wawili walikiri kosa mahakamani. Hao walikuwa waajiriwa wa jiji lenyewe. Mji ambao nywila zake zote ziko kwa mkandarasi wa nje uko katika hali dhaifu zaidi siku mkataba unapokwisha: kampuni mpya inashinda zabuni, ya zamani inaondoka na ufunguo wa programu, na taa zinabaki mateka wa majadiliano. Kifungu cha makabidhiano, kinachosema nywila, michoro na mipangilio ya kila makutano ni mali ya mji na vinahifadhiwa na mji tangu siku ya kwanza, hugharimu aya moja ya maandishi.

Afrika Mashariki ina fumbo lake ambalo mikataba ya Ulaya haikuliwaza. Katika miaka ya 2010 makutano ya katikati ya Nairobi yalifungwa taa za kisasa zenye kamera, na trafiki wakaendelea kuongoza magari kwa mkono huku taa zikiwaka juu ya vichwa vyao. Dar es Salaam hali ni hiyohiyo: taa inaonyesha kijani, askari amenyoosha mkono kuzuia, na dereva anamtii askari, kama sheria inavyomtaka. Askari ana sababu zake. Anaona foleni iliyofika makutano ya nyuma, jambo ambalo taa iliyopofuka haiwezi kuliona. Naye akishika mkono mmoja wa barabara kwa dakika kumi, anaijaza mingine mitatu, na kuvuruga taa za makutano yanayofuata. Je, mfumo huo unapatikana? Kampuni itasema ndiyo, taa zinawaka. Abiria atasema hapana. Mkataba unaoandikwa kwa ajili ya Nairobi au Dar es Salaam hauna budi kumhesabu askari: kila muda wa kuongoza kwa mkono uandikwe na sababu yake, na askari apewe njia ya kuielekeza taa kupitia kabati badala ya kushindana nayo. Polisi wawe upande wa tatu wa makubaliano. Bila wao, fedha zinalipwa kwa taa ambazo hakuna anayezitazama.

Mamlaka zenyewe zimegawanyika. Nairobi ina barabara za KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za Kenya, za KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na za serikali ya kaunti. Tanzania ina TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, na TARURA, iliyoundwa 2017, kwa za mijini na vijijini. Taa kwa asili yake husimama pale barabara mbili zinapokutana, na mara nyingi barabara hizo zina wenyewe wawili. Mkataba usiomtaja mmiliki mmoja wa kila makutano kwa jina unaanza ukiwa na mwanya.

Tazama sasa Nairobi Expressway, barabara ya juu ya kilomita 27 kati ya Mlolongo na Westlands, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022. Ilijengwa na China Road and Bridge Corporation kwa ubia na serikali, na mwendeshaji wake hukusanya tozo kwa miaka 27 kurudisha mtaji. Kizuizi cha tozo kikikwama, mwendeshaji anapoteza fedha dakika hiyohiyo. Haihitaji barua kutoka wizarani kumkumbusha. Chini yake, kwenye barabara isiyo na tozo, taa zikizimika hakuna kampuni inayopoteza kitu. Hasara inagawanywa kati ya maelfu ya watu waliomo kwenye matatu, kila mmoja akibeba nusu saa yake. Makato ya mkataba wa huduma ni jaribio la kuihamisha hasara hiyo irudi kwa anayeweza kuizuia. Makato yakiwa madogo kuliko gharama ya fundi wa usiku, kampuni yoyote yenye mhasibu mzuri itachagua kukatwa.

Na wazo hili si geni hata kidogo kwa wahandisi wa hapa. KeNHA imekuwa ikitumia mikataba ya matengenezo ya barabara inayolipia matokeo: mkandarasi hulipwa kwa mwezi kwa kila kilomita iliyo katika hali iliyokubaliwa, akikatwa kwa shimo lisilozibwa kwa wakati, mtaro ulioziba au nyasi zilizopita kimo. Tanzania ililijaribu pia kupitia TANROADS katika mikoa michache. Wakaguzi wanajua kupima shimo kwa rula na kulinganisha na tarehe. Kinachohitajika kwa taa ni rahisi zaidi, maana kabati linajipima lenyewe. Isitoshe, mkataba wa miaka mitano unaolipia matokeo humlazimisha mkandarasi kuajiri na kufundisha mafundi wa palepale, kwa sababu hakuna ndege ya kumleta fundi kutoka ng'ambo ndani ya saa mbili.

Nairobi inaingia katika awamu nyingine ya taa na mfumo wa kusimamia trafiki chini ya KURA, safari hii kwa mkopo wa Korea Kusini. Mkopo utanunua vifaa na kuvifunga. Fedha za kuvitunza baada ya kipindi cha uangalizi zitatoka ndani, na chanzo kinachofaa kipo: ushuru wa matengenezo ya barabara, uliopandishwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Matatu inayojaza lita 40 huuchangia shilingi 1,000 kila mara. Kabla taa ya kwanza haijakabidhiwa, wabunge na madiwani wa Nairobi wanaweza kuiuliza KURA mambo matatu na kudai majibu kwa maandishi: ni fungu gani la ushuru huo litakalolipia huduma, kwa miaka mingapi, na kumbukumbu za saa za kuzimika zitasomwa na nani nje ya kampuni.